Namba ya Mkiani

Mezani kwangu ipo ndege ndogo ya plastiki ambayo imekosa kitu kimoja tu. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ina sentimita 25, maana imetengenezwa kwa kipimo cha moja kwa 48. Mgongo wake nimeupaka kijani iliyokoza, tumbo lake rangi ya fedha, na duara jekundu la Japani liko mahali pake kwenye mabawa na ubavuni. Kinachokosekana ni namba ya mkiani. Kuibandika ni kazi ya dakika kumi: unaloweka kibandiko katika maji, unakitelezesha, unakikausha kwa kitambaa. Kazi hiyo ya dakika kumi imenishinda kwa miezi minne, na si kwa sababu ya mikono kutetemeka, ingawa mikono nayo inatetemeka.

Kisanduku chenye vipande vyake nililetewa na rafiki yangu Mjapani. Alifika chuoni kwetu akiwa kijana, mmoja wa wale wa kujitolea ambao Japani ilianza kuwaleta Tanzania mwaka 1967, akafundisha hisabati kwa miaka miwili na kuondoka akijua Kiswahili cha kutosha kutaniana na wapishi. Kwao ni Ehime, katika kisiwa cha Shikoku. Miaka mingi baadaye alirudi kututembelea, naye ameota mvi kama mimi, akanipa kile kisanduku. Akasema, "Ndege hii iko moja tu Japani nzima, Mwalimu, nayo iko mkoani kwetu." Hakueleza zaidi.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenzangu, alipoiona alinishangaa. Aliniuliza itakuwaje mtu aliyetumia maisha yake kufundisha walimu akae kivulini akigundisha silaha ya watu waliopigana na mjomba wake mwenyewe kule Burma. Ni kweli, mjomba wangu alikwenda Burma na KAR, akarudi mwaka 1946 na blanketi moja na kikohozi. Lakini sikumbuki hata siku moja alipowatukana Wajapani. Aliowatukana ni wale waliompa blanketi moja. Kwa hiyo hoja ya jirani niliiheshimu, nikaendelea na gundi yangu.

Mwalimu aliyezoea kuandika andalio la somo hawezi kuanza kazi bila kujua anachokifanya. Mjukuu wangu, ambaye yuko kidato cha pili, alitaka tufuate tu picha za kwenye karatasi ya maelezo. Mimi nilitaka kwanza kujua ndege hii ilikuwa ya nani. Rafiki yangu akanitumia vitabu na tafsiri za kurasa alizoziona muhimu, na ndipo nilipopotelea humo.

Ndege yenyewe inaitwa Shiden-Kai, na shiden ni radi ya rangi ya zambarau. Ilitengenezwa na kiwanda cha Kawanishi kwa ajili ya jeshi la majini. Asili yake ni ndege ya kutua juu ya maji, yenye boya kubwa chini ya tumbo. Wahandisi wakaondoa boya, wakaweka magurudumu. Lakini kwa kuwa bawa lilikuwa katikati ya kiwiliwili, miguu ya magurudumu ikawa mirefu mno na kusumbua. Basi wakaichora upya, wakalishusha bawa chini, na hiyo ndiyo Kai, yaani iliyorekebishwa. Ilikuwa na mizinga minne ya milimita 20, na kifaa kimoja kilichonifurahisha kuliko vyote: chombo chenye zebaki kilichohisi jinsi ndege inavyokata kona, kikashusha chenyewe vibawa vya nyuma ya bawa ili ndege igeuke upesi bila rubani kugusa chochote. Nilimweleza mjukuu wangu jambo hilo mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Babu, nimeelewa tangu jana."

Zilitengenezwa zipatazo 400 tu, maana ilikuwa mwishoni mwa vita na viwanda vilikuwa vinapigwa mabomu. Mwezi Desemba 1944 kikaundwa kikosi cha 343 cha jeshi la majini, chini ya Genda Minoru, yule yule aliyeshiriki kupanga shambulio la Pearl Harbor. Wakati wengine walikuwa wanapeleka vijana kujirusha na ndege zao juu ya manowari, Genda alitaka kikosi cha kupigana angani na kurudi nyumbani. Kilikuwa na vikosi vitatu vya wapiganaji ndani yake: cha 301, cha 407 na cha 701. Makao yake ya kwanza yalikuwa Matsuyama, huko huko Ehime, na baadaye kikahamia Omura karibu na Nagasaki.

Sasa nifike mkiani. Kila ndege iliandikwa 343, kisha herufi, kisha namba yake. Herufi A ilikuwa ya kikosi cha 301, B ya 407, C ya 701. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mkia tu, unaweza kukaribia kumjua mtu aliyekaa mbele. Ndege ya Kanno Naoshi, mkuu wa 301, ilikuwa A-15, na ilizungushiwa mistari miwili ubavuni kuonyesha cheo chake. Hata hapo pana mashaka: mistari husemwa ilikuwa ya njano, lakini picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, na njano na nyeupe katika picha ya namna hiyo ni kama mapacha.

Tarehe 24 Julai 1945, ndege za Marekani kutoka katika manowari zilikuja kwa mamia kuipiga bandari ya Kure. Ndege zipatazo 20 za kikosi cha 343 ziliruka kutoka Omura kuwakabili walipokuwa wakirudi baharini. Sita hazikurudi. Miongoni mwa waliopotea alikuwamo Oshibuchi Takashi, mkuu wa kikosi cha 701, na Muto Kaneyoshi wa kikosi cha 301, rubani mashuhuri sana. Wengine wanne hawakuwa na sifa za magazetini. Vita ilikwisha majuma matatu baadaye.

Mwishoni mwa mwaka 1978 mzamiaji mmoja aliona ndege chini ya bahari katika ghuba ya Kuryo, kusini mwa Ehime, kwenye kina cha mita zipatazo 40. Julai 1979 ikapandishwa. Ilikuwa Shiden-Kai. Mapanga ya rafadha yalikuwa yamepinda nyuma, lakini mwili wake ulikuwa mzima kwa kiasi cha kushangaza, na ilionekana wazi kwamba rubani aliishusha juu ya maji taratibu, kwa ustadi, kama mtu anayelaza mtoto. Ilikubalika kuwa ni moja ya zile sita. Lakini ni ya nani? Baada ya miaka 34 ya maji ya chumvi hapakupatikana namba wala kitu chochote cha kumtambulisha mwenyewe. Imehifadhiwa Ainan, katika ghuba ile ile, na haina jina la rubani. Nyingine tatu zilizobaki duniani ziko katika majumba ya makumbusho ya Marekani.

Nilipofika hapo katika kusoma, ndipo nilipoelewa kisanduku kilitoka wapi moyoni mwa rafiki yangu. Nikaamua kwamba ndege yangu haitakuwa Shiden-Kai yoyote tu. Itakuwa hii ya Kuryo, kama ilivyokuwa asubuhi ya siku ile kabla haijaruka.

Mjukuu wangu alikuwa na jibu tayari. Alitaka tuandike namba ya Muto. Alikuwa amesoma habari zake: kwamba Februari 1945 alipambana peke yake na ndege kumi na mbili za Kimarekani juu ya Atsugi, akaziangusha nne. Ni hadithi tamu, na gazeti lolote lingeichapa. Taabu ni kwamba siku ile Muto hakuwa peke yake. Walikuwa kundi, wapatao kumi. Aliruka vizuri, alipigana vizuri, lakini wenzake wote wameondolewa katika picha ili yeye aonekane mkubwa zaidi. Ndivyo ilivyokuwa hata katika hesabu. Katika pambano kubwa la Machi 19, 1945, kikosi cha 343 kilidai kuangusha ndege zaidi ya 50, na daftari za Wamarekani zinaonyesha hasara ndogo zaidi sana; nao Wamarekani vile vile walidai zaidi ya walizoangusha. Siwaiti waongo. Mtu anayegeuka angani kwa kasi ile, huku anafyatuliwa risasi, huona moshi akahesabu ndege. Lakini hesabu ikishaandikwa kwa wino haionyeshi tena jasho la aliyehesabu.

"Basi tupige kura, Babu," mjukuu wangu akasema. "Ziko sita. Tukichagua moja, tuna nafasi moja katika sita ya kupatia. Tukiacha wazi, hatuna nafasi hata moja." Nilifundisha wanachuo wengi wasioweza kujenga hoja safi kama hiyo. Tena akaongeza, "Na nani atajua?"

Hilo swali la pili halikunisumbua. Watoto wote huliuliza, na watu wazima huliuliza bila kufungua mdomo. Lililonisumbua ni la kwanza. Kukisia si uongo. Mkulima hukisia mvua, daktari hukisia ugonjwa kabla ya vipimo, na mwalimu asiyethubutu kukisia hatasahihisha mwandiko wa mtoto yeyote. Mwongo ni yule anayesema asichokiamini. Mimi nikiandika namba moja kati ya sita, simdanganyi mtu kwa nia mbaya; naweza hata kuwa nimesema kweli bila kujua. Basi kosa liko wapi?

Nitaeleza kwa kisa ambacho sijapata kukiandika.

Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa chuo, na ilikuwa kipindi cha mazoezi ya kufundisha. Kila mwanachuo alipaswa kukaguliwa darasani mara tatu. Mwanachuo mmoja, kijana mwembamba wa masomo ya sayansi, alipangiwa shule ya mbali ng'ambo ya mto. Wakufunzi wawili walikuwa wamemwona, mmoja akampa alama za kupita, mwingine zikapungua kidogo. Ziara ya tatu ilikuwa yangu. Mvua ikanyesha, daraja likaenda na maji, na tarehe ya kupeleka fomu ikafika. Nikakaa ofisini usiku kwa taa ya chemli, nikatazama zile alama mbili, nikakisia ya tatu. Niliiweka katikati, kwa haki kabisa, chini kidogo kwa sababu mkaguzi wa pili alikuwa mzoefu zaidi. Na kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya maoni, niliandika kwamba anahitaji kujiandaa zaidi kabla ya kuingia darasani. Nikatia sahihi. Nikatia na muhuri.

Alama ile ilimwangusha kwa nukta mbili.

Alikuja ofisini kwangu akiwa na daftari la maandalio ya masomo, limefunikwa kwa gazeti. Akaamkia, akasimama. "Samahani, Mkuu," akasema, "siku ile hukufika. Nilikuwekea kiti nyuma ya darasa." Hakusema kwa ukali. Nilimwambia aende, tutaliangalia. Sikuliangalia. Ningeliangalia, ningelazimika kusema mbele ya wakufunzi wangu kwamba mkuu wao aliandika maoni juu ya somo ambalo hakulisikia. Yule kijana alitakiwa kurudia mwaka. Hakurudi.

Nimejitetea kwa miaka mingi kwa hoja ya mjukuu wangu hasa. Pengine nilipatia. Pengine ningefika, ningempa alama ile ile, au pungufu. Hesabu yangu ilikuwa ya busara kuliko ya watu wengi. Lakini kiti kilikuwa kitupu, na yeye peke yake darasani mle ndiye aliyejua kwa hakika kwamba kilikuwa kitupu. Na karatasi yangu ilimwambia kwamba hata hilo alilolijua si kweli. Kama ningeandika katika safu ya tatu, "Sikufika, daraja limevunjika," pengine wizara ingenikaripia. Kisio langu halikuwa baya kwa sababu lilikuwa kisio. Lilikuwa baya kwa sababu nililivika muhuri, likaingia katika faili likiwa limevaa sawasawa na yale mambo yaliyoonekana kwa macho, na baada ya hapo hakuna mtu angeweza kuyatofautisha.

Kwa hiyo nilipokishika kibandiko cha namba kwa koleo lile dogo, nilikumbuka kile kiti. Marubani sita, nyumba sita. Huko Japani mjane au ndugu wa mtu yule alikwenda kuitazama ndege ikitoka majini, au aliisikia habari yake, akajua kwamba huenda ni ya wake na huenda si ya wake. Na akaishi na huenda hiyo mpaka alipokufa. Wenye kuihifadhi wangeweza kuwapunguzia watu wao mzigo kwa kuchagua. Wangemchagua Muto, na wageni wangekuja wengi zaidi. Hawakuchagua. Mimi, mzee wa mbali, nisiye na ndugu katika bahari ile, niandike kwenye mkia kile ambacho wao walijizuia kukiandika?

Nilidhani nimemaliza. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba tutaacha mkia wazi, nikamweleza na sababu, pamoja na kisa cha fomu, maana nilimwona ameshakuwa mkubwa wa kukisikia. Alinyamaza. Kisha akachukua karatasi ya maelezo, akaniuliza kama kulikuwa na ndege yoyote ya kikosi cha 343 iliyoruka bila namba.

Nikasema hapana, nijuavyo mimi.

"Basi hii nayo ni ya uongo, Babu."

Naam. Ndilo jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Ndege isiyo na namba haikuwahi kuwapo. Asubuhi ile ya Julai fundi mmoja aliiona namba hiyo, aliipangusa vumbi, na rubani aliitafuta kwa macho alipokuwa akiikimbilia. Mkia mtupu hausemi "sijui". Unasema "haikuwapo", na hayo ni maneno mawili mbalimbali. Katika fomu kulikuwa na nafasi ya maoni. Kwenye plastiki hakuna mahali pa kuandika kwamba daraja limevunjika. Tulifikiria kuipaka kama ilivyotoka baharini, bila rangi, imeliwa na chumvi. Hiyo ingekuwa kweli tupu. Lakini ingekuwa sanamu ya mabaki, nami nilitaka ile iliyopaa, yenye mtu ndani. Tulifikiria pia kuandika herufi nusu, kama iliyofutika, tukacheka wenyewe. Mjukuu wangu akapendekeza tuachane nayo, tutengeneze A-15 ya Kanno ambayo namba yake inajulikana. Nikamkumbusha ile mistari, ya njano au nyeupe. Akaniambia kwamba kwa mwendo huo hatutamaliza ndege yoyote duniani.

Nilimwandikia rafiki yangu nikamwuliza yeye angefanya nini. Alinijibu kwa Kiswahili chake ambacho kimeshika kutu kidogo, kwamba alipokuwa mdogo, ndege ilipopandishwa, baba yake alimpeleka kuitazama, na kitu alichokikumbuka ni ukubwa wa rafadha. Juu ya namba hakusema lolote. Sijui kama hakulielewa swali au alilielewa mno.

Kuhusu yule mwanachuo, nilimtafuta mwaka jana. Ana duka la vifaa vya ujenzi katika mji wa wilaya, na watoto wake wawili ni walimu. Alinikaribisha, akaagiza soda. Nilimwambia niliyokuja kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee wangu, mambo ya zamani hayo," kisha akaniuliza kama nakumbuka mada ya somo la siku ile. Sikuweza kukumbuka kitu ambacho sikukiona, nikamwambia hivyo. "Ilikuwa mwangwi," akasema. "Niliwatoa nje watoto wakapiga kelele kuelekea mlimani." Akainuka kumhudumia mteja aliyetaka misumari.

Ndege iko pale pale mezani. Wiki iliyopita nilikata kipande cha mbao cha kuisimamishia, na mjukuu wangu, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, akaandika juu ya karatasi majina ya marubani wote sita, akaibandika kwenye mbao chini ya mkia. Ameyaandika kwa ukubwa mmoja, la Muto likiwa la nne. Juu yake mkia bado mtupu. Aliirudisha mezani, akaigeuza huku na huku akiitazama.

"Lakini ilikuwa na namba," akasema.

"Ilikuwa nayo," nikamjibu.